Nani Asiye na Uwezo? Historia ya Msamaha wa Matibabu, Kama Tulivyoiona Hapa Mpakani



Kamati ya kijitabu hiki ilipogawa kazi, sisi tunaosimamia mfuko wa jamii tuliambiwa tuandike historia. Habari za hisa, za sanduku na funguo zake tatu, na za siku tulipovunja kwa mara ya kwanza mtazisoma katika kurasa za wenzetu. Sisi tumechagua kuandika historia ya maneno matatu ambayo yametutoa hela nyingi kuliko riba yoyote katika miaka hii kumi. Maneno yenyewe ni "asiye na uwezo".

Mmeyaona maneno hayo. Yamebandikwa kwenye kuta za zahanati, yamo kwenye barua za watendaji, na siku hizi yamo kwenye sheria ya bima. Yanasema kwamba asiye na uwezo atatibiwa bila kulipa. Ni maneno mazuri, hatuna ugomvi nayo. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini ambayo yametumika, mtu wa kawaida akienda dirishani hakuti kiwango kilichoandikwa kwa shilingi kwamba uwezo unaanzia hapa na kuishia pale. Basi ni nani anayeamua, naye anatazama nini? Tumeona tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake, kwa sababu karibu kila mara tulipofungua mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa, mgonjwa alikuwa ni mtu ambaye kwa macho ya ofisi alikuwa anao uwezo.

Tuanze na wakati ambapo swali hilo halikuulizwa. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, matibabu katika hospitali na zahanati za Serikali yalikuwa bure kwa mwananchi wa kawaida. Aliyetaka kulazwa daraja la kwanza au la pili alilipia. Wodi ya daraja la tatu haikuwa na malipo. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi zinazotafuta faida, zikabaki zile za mashirika ya dini, na za huku kwetu wote tunazijua: Mbozi Misheni, na Isoko kule Ileje, zote za Wamoraviani. Muuguzi wa Serikali hakuwa na sababu ya kumwuliza mama ana magunia mangapi ya mahindi nyumbani. Alimwuliza anaumwa wapi.

Tusiwadanganye vijana lakini. Bure ile haikuwa asali tupu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni ziliadimika kabisa. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, seuze dawa. Wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka kwenda zahanati alfajiri na kurudi adhuhuri na kijikaratasi tu, dawa ukaitafute mwenyewe kwa walanguzi. Matibabu yalikuwa bure, dawa haikuwepo. Kwa hiyo anayesema kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa huyo ana usahaulifu, na anayesema kwamba malipo yalishuka kutoka mbinguni bila sababu naye hajui alisemalo.

Mwaka 1986, wakati wa Mzee Ruksa, Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa ushauri wake kwa nchi maskini kwamba wagonjwa wachangie gharama. Mwaka 1991 hospitali za watu binafsi zikaruhusiwa tena. Halafu Julai 1993 ikaja kwetu ile tuliyoizoea kwa jina la "kuchangia". Ilianza kwenye hospitali kubwa, ikashuka kwa awamu hadi hospitali za mikoa na za wilaya. Vituo vya afya na zahanati vilifuata baadaye, kila mahali kwa wakati wake.

Hapo ndipo yale maneno matatu yalipozaliwa, maana pamoja na malipo ilikuja misamaha, nayo ilikuwa ya aina mbili. Msomaji azitenganishe vizuri, kwa kuwa kasheshe yote imo humo.

Aina ya kwanza ilikuwa ya makundi. Watoto wa chini ya miaka mitano, akina mama wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu, wa ukoma, wa ukimwi na wa maradhi mengine ya muda mrefu. Hawa hawakuulizwa kipato. Tajiri mwenye malori kumi akiwa na mtoto wa miaka mitatu, mtoto huyo alikuwa na msamaha sawasawa na mtoto wa mbeba mizigo. Mimba inaonekana, umri uko kwenye kadi ya kliniki. Aina ya pili ilikuwa ya umaskini: yule asiyemo katika kundi lolote, lakini hana. Sasa huyo utamjuaje?

Aliyetaka kujulikana ilibidi atembee. Alianza kwa balozi wa nyumba kumi (ingawa tangu vyama vingi viruhusiwe 1992 balozi alikuwa wa chama, watu waliendelea kumwendea, wangekwenda wapi?). Kutoka kwa balozi alikwenda kwa mtendaji, mtendaji akaandika barua yenye mhuri, na barua ikapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii hospitalini. Kila mmoja katika hao alimtazama mwombaji kwa macho yake. Amevaa nini? Nyumba yake ina bati? Ana mume? Ana mtoto mjini? Na mgonjwa wakati huo amelala kwenye benchi. Wengi walikata tamaa kabla ya mhuri wa pili, wakauza mbuzi.

Nchi nyingine wana kiwango. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 1965 wana mpango wa matibabu ya watu wa kipato cha chini uitwao Medicaid, na mtu anapimwa kwa karatasi za mshahara. Katika majimbo yaliyokubali sheria yao ya afya ya mwaka 2010, mtu mzima anahesabiwa mpaka asilimia 138 ya mstari wa umaskini wa nchi yao. Nako wana vilio vyao, kwani anayeongezewa mshahara kidogo akauvuka mstari anaweza kutolewa kwenye mpango. Lakini walau mtu anajua mstari uko wapi. Anaweza kuuelekeza kidole.

Kwetu kipimo kama hicho kingemwangukia nani? Angalieni Tunduma yetu. Mji huu umekaa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia na kwenye reli ya TAZARA, unaishi kwa mpaka. Siku malori yanapopita vizuri, mama lishe anamaliza sufuria mbili za wali kabla ya saa nane. Foleni ya malori ikirefuka anauza zaidi, maana madereva wanalala hapa. Mahindi yakizuiwa kuvuka, wauza mahindi wanakaa wakiangalia magunia. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na kuna wenzetu ambao wiki ile hawakushika hata sarafu. Ukimpima mama huyo Mei ni fukara, ukimpima Agosti wakati wa mavuno ni mfanyabiashara. Yote mawili ni kweli.

Watu ambao kipato chao kilijulikana mpaka senti walikuwa watumishi, nao waliwekewa utaratibu wao. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999, mfuko ukaanza kazi 2001, mchango ukiwa asilimia sita ya mshahara: tatu anakatwa mtumishi, tatu anatoa mwajiri. Mwalimu na nesi wakapata kadi. Hatuwaonei wivu, ni wadogo zetu na wakwe zetu, na mara nyingi kadi ya binti mwalimu ndiyo iliyomtibu mama mzazi. Tunachosema ni kwamba wenye karatasi ya kuonyesha kipato walipata bima, na wasio na karatasi wakaambiwa wathibitishe.

Kwa ajili ya wasio na karatasi uliletwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wengi tunauita CHF. Ulijaribiwa kwanza Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, kaya ikitoa shilingi 5,000 kwa mwaka. Sheria yake ilitoka 2001, wilaya moja baada ya nyingine ikaingia, na Serikali kuu iliongeza kiasi kilekile ambacho wananchi walichanga, ndiyo hiyo iliyoitwa "tele kwa tele". Kipimo cha kipato hakikuwepo. Mwenye maduka na mchuma chai walitoa sawasawa. Asiye na uwezo alipaswa kusamehewa na kamati ya afya ya kata baada ya serikali ya kijiji kumpendekeza.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na kifungu ambacho watu wachache wamekisoma, na sisi tumekisoma. Kilisema kwamba mamlaka itakayotoa msamaha itafute njia nyingine ya kuufidia mfuko. Maana yake kwa Kiswahili cha gengeni: ukisema mama fulani asilipe, wewe uliyesema ndiye utafute hela. Kijiji chenye sanduku tupu kitatafuta wapi? Basi kamati nyingi zikaona salama ni kunyamaza. Hospitalini mambo yalikuwa hayohayo. Kila aliyesamehewa alikuwa pengo katika hesabu ya mwisho wa mwezi, na mganga mfawidhi mwenye rafu tupu za dawa hakuwa na sababu ya kutafuta watu wa kuwasamehe. Mtu akinyimwa barua husema mtendaji ana roho mbaya. Wapo wa namna hiyo, tusifiche, lakini wengi walinyima kwa sababu utaratibu ulimtoza anayekubali na haukumtoza anayekataa.

Baadaye, kuanzia 2018, ikaja CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa huku mikoani. Ukigawa ni shilingi 5,000 kwa kichwa kwa mwaka. Wengi wetu tuliingia, na kikundi kiliwahi kuwakopesha wanachama mchango huo bila riba.

Aidha hatuwezi kuandika historia ya msamaha tukaacha habari ya leba. Mjamzito hakutakiwa kulipa, hilo tumeshalisema. Lakini mama gani humu ndani alikwenda kujifungua mikono mitupu? Glovu, pamba, nyembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, kanga, beseni, vyote kwenye begi tangu mwezi wa saba, na ukisahau kimoja unasikia maneno. Mwenzetu mmoja alirudishwa dukani katika kituo kimoja huku uchungu umeshika, ati glovu alizoleta ni jozi moja. Karatasi ilisema bure. Hesabu ya begi lile ilikuwa zaidi ya mchango wa mwaka mzima wa CHF.

Na wazee wetu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zilitaja matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Someni tena: wasio na uwezo. Bibi ana miaka 74, hana ubishi wa umri, lakini bado anatakiwa awe hana. Huku kwetu mzee mwenye shamba la kahawa Mbozi, hata kama miti imezeeka kuliko yeye mwenyewe na haizai kitu, anahesabiwa ana shamba. Baadaye vitambulisho vya matibabu kwa wazee vilitolewa na madirisha ya wazee yakafunguliwa, jambo ambalo limesaidia sana, tunalisifu. Mzee anapokelewa kwa shikamoo na kupishwa mbele. Dawa ikiwa haipo dirishani, kitambulisho hakiinunui dukani.

Sisi wa Tunduma tuna jambo moja ambalo wenzetu wa Dodoma au Singida hawana. Tukiinua macho tunaiona nchi nyingine. Zambia nao waliweka malipo miaka ya tisini, kwa ushauri uleule. Lakini Aprili 2006 walifuta malipo katika wilaya za vijijini, wakaendelea kuyafuta kwa hatua mpaka 2012 huduma za msingi zote zikawa bila ada. Hawakuuliza nani ana uwezo. Waliangalia mahali: ukitibiwa katika kituo cha kijijini, hulipi. Ninyi mnajua kwamba Wanyamwanga ni watu wa pande zote mbili, shangazi yuko huku na mpwa yuko kule, na wapo waliovuka na mtoto mgongoni kwenda kwa shangazi Nakonde, na kutoka kwa shangazi kwenda kliniki. Hatusemi ilikuwa halali, tunaandika historia. Na kule nako dawa ziliisha mara kwa mara kama kwetu. Baadaye walianzisha bima ya taifa kwa sheria ya 2018, wenye mshahara wakikatwa asilimia moja na mwajiri akiongeza moja.

Turudi kwetu. Jaribio kubwa kuliko yote la kumtafuta asiye na uwezo halikutoka hospitalini, lilitoka TASAF. Mfuko wenyewe ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa na zahanati, lakini mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012 na kuenea nchini miaka iliyofuata. Hapa kwa mara ya kwanza palikuwa na kipimo cha namna yake. Kwanza mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa ulitaja kaya maskini sana. Kisha zilijazwa dodoso: watu wangapi mnaishi, paa la nini, sakafu ya nini, mnapikia nini, mna redio. Majibu yaliingizwa kwenye kompyuta, nayo ikakadiria umaskini wa kaya bila kuuliza shilingi. Halafu orodha ilirudi mkutanoni isomwe.

Tumeupenda ule mkutano kuliko ile kompyuta. Mkutanoni mtu akisema "fulani hana kitu," jirani anaweza kusimama akasema "mbona juzi kanunua pikipiki?" Hata hivyo mkutano nao una aibu yake. Kuna mama ambaye afadhali alale na njaa kuliko jina lake lisomwe mbele ya wakwe zake kwamba ni maskini sana. Na kuna wasioitwa mkutanoni kwa sababu ni wapangaji, na Tunduma ni mji wa wapangaji. Mwaka 2016 Serikali ilifanya uhakiki nchi nzima, maelfu ya kaya hewa zikaondolewa, na humo pia waliondolewa watu wa kweli kabisa ambao walikuwa wamebadilisha nyasi kuwa bati kwa ruzuku hiyohiyo. Waliambiwa wamehitimu. Neno la shuleni!

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kilikifanya kikundi chetu kikae vikao vitatu mfululizo, hata wengine wakanuniana. Ilikuwa 2019. Mwaka uliotangulia sheria ilizitaka halmashauri zote zitenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tulijaza fomu. Fomu ilitaka kila mwanachama aandike biashara yake na mauzo yake ya siku. Mwenzetu mmoja, muuza vitumbua na chai, aliandika shilingi 30,000. Ilikuwa kweli, siku nzuri anauza hivyo.

Miezi miwili baadaye kijana wake alianguka kutoka juu ya shehena ya lori, akavunjika paja. Hospitali moja ikasema apasuliwe, na gharama ikatajwa laki nne na nusu. Akaenda ofisi moja ya mtaa kuomba barua. Mtendaji, kijana mwenye adabu, akamwamkia vizuri, akamkalisha.

"Mama, pole sana na mgonjwa. Lakini wewe si uko kwenye kile kikundi cha akina mama?"

"Nipo, mwanangu."

"Basi mama, fomu yenu ilipitia mezani kwangu. Umeandika elfu thelathini kwa siku. Leo nikikuandikia huna uwezo, kesho mkaguzi akiziona karatasi zote mbili zina mhuri wangu, mimi nitamwambia nini?"

Alirudi mikono mitupu. Na tukisema ukweli, kijana yule alikuwa na hoja. Ofisi ileile, kalamu ileile, kwa mkopo inamtaka mama aonyeshe anaweza, na kwa dawa inamtaka aonyeshe hawezi. Mwanamke mmoja atakuwaje vyote viwili katika mwezi mmoja? Na bado ndivyo alivyokuwa. Tulipokaa naye na daftari tukatoa ngano, sukari, mafuta ya kupikia, mkaa, ushuru wa eneo na maji, katika zile 30,000 kilichobaki kilikuwa 4,000. Hiyo ni siku nzuri. Hata angefanya kazi siku zote thelathini bila kupumzika Jumapili, ni 120,000 kwa mwezi, na nyumbani wako sita.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya binafsi wa mwaka 2017/18 ulitaja mistari miwili ya umaskini. Mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Ule wa chini zaidi, wa chakula peke yake, ulikuwa shilingi 33,748. Gawanyeni ninyi wenyewe 120,000 kwa sita. Hata ukiwahesabu watoto nusunusu, mwenzetu alikuwa chini ya mstari wa chakula, achilia mbali ule mwingine. Kwa hesabu za Serikali yenyewe alikuwa miongoni mwa asilimia nane ya Watanzania walio chini kabisa. Kwa macho ya ofisi alikuwa mfanyabiashara wa kikundi.

Vikao vikawaka moto. Upande mmoja ulitaka kikundi kiandike barua yenye mhuri wetu kwamba tunamfahamu na hana. Upande mwingine, wakiongozwa na mweka hazina wetu ambaye mnamjua hapindishi maneno, wakasema: "Tukianza kuwaandikia wanachama kuwa hawajiwezi, mkopo wa halmashauri tuusahau, na wauza duka wanaotukopesha watafunga madaftari." Wote walikuwa na haki. Kisa kiliisha kwa mfuko wa jamii kutoa nusu kama msaada na nusu kama mkopo usio na riba, na hisa zake hazikuguswa. Wakati tunabishana, alikuwa tayari amechukua hela kwa mtu wa kausha damu, tukamlipia na hiyo. Kijana alipona, anatembea, leo anaendesha bajaji.

Mwaka 2022 Serikali ilipeleka bungeni muswada wa bima ya afya kwa wote. Mchango uliotajwa wakati ule ulikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Tuliufanyia hesabu ubaoni siku ya kikao. Kaya ya watu sita iliyo juu kabisa ya mstari wa mahitaji ya msingi, hata wote wakihesabiwa watu wazima, inaishi kwa 295,920 kwa mwezi. Yaani mchango ulikuwa zaidi ya maisha ya mwezi mzima, chakula, kodi, mavazi na vyote. Aliyekuwa chini ya mstari angelipiwa. Aliyeuvuka kwa shilingi kumi angelipa sawa na mwenye ghorofa. Muswada ulipingwa na wengi, ukarudishwa, na sheria ikapitishwa Novemba 2023 ikiwa imebadilishwa. Sheria hiyo iliweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, wenye vyanzo vyake yenyewe, zikiwemo kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

Kwa maoni yetu hilo la vyanzo ndilo jipya kubwa katika historia yote hii. Yule kijana mtendaji, kwa sheria ya 2001, angetoa msamaha kwa hela ambayo haipo. Sheria ya 2023 imekiri kwamba msamaha una bei na kwamba lazima mtu ailipe. Lililobaki ni swali letu la zamani, la nani ataingizwa kwenye orodha na kwa kipimo gani. Wakenya walijaribu njia yao Oktoba 2024: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anajibu maswali ya nyumba, choo na mali, kisha mtambo unamkadiria, kima cha chini kikiwa shilingi 300 zao kwa mwezi. Malalamiko hayakuchelewa, kwani wapo waliokadiriwa juu kuliko wanavyoishi. Choo kizuri anaweza kuwa nacho mtu aliyejengewa na mwanawe miaka kumi iliyopita.

Baada ya kisa cha 2019 kikundi kilibadilisha mambo mawili katika katiba yake. Mkutano wowote wa hadhara wa kusoma orodha ya kaya, iwe ya TASAF au ya bima, wajumbe wetu wawili wanahudhuria, na nauli inatoka mfuko wa jamii. Na kila mwanachama ana karatasi yake yenye safu mbili, mauzo katika safu moja na kinachobaki katika nyingine, imejazwa miezi kumi na miwili, ya mavuno na ya kiangazi, ya mpaka wazi na ya mpaka kufungwa. Akienda kuomba mkopo anaibeba hiyo, akienda kuomba barua anaibeba hiyohiyo. Watendaji wawili wameshaikubali. Mmoja aliisoma safu ya kwanza tu.

Nakala tupu za karatasi hiyo ziko kwa katibu. Anayehitaji aje na kalamu yake, tena aje siku ya kikao, asimgongee mama wa watu mlango usiku.